Usinyweshe Kwanza

Acha mpira, Atuganile. Usinyweshe kwanza.
Inua trei kwa kiganja, usikilize uzito wake,
kama unavyoliinua gunia la viazi pale Uyole
ukajua, bila mizani, kwamba hili ni lumbesa.
Nzito? Irudishe. Nyepesi? Ngoja kidogo tena.
Ua hili haliuawi na kiu, linauawa na huruma.

Jina lake la kwenye makaratasi ni kalibrakoa.
Sisi tunasema vikengele.
Vilikuja kwenye boksi, vijiti visivyo na mzizi,
vimelazwa kama vifaranga wa siku moja,
na Mwaifunga akasema, kila kimoja kina bei yake,
kikifa kimekufa na mshahara wa mtu.

Udongo wake si udongo.
Ni makumbi ya nazi yaliyopanda kutoka Pwani
na mawe mepesi ya Rungwe,
yale yanayoelea ukiyatia kwenye ndoo.
Maji yapite, yasikae. Mzizi unataka kupumua.
Chomoa mmoja uutazame: mweupe, umesimama. Mzuri.
Ukiwa wa kahawia, ukivutika kama soksi iliyolowa,
usiniite uniulize. Nusa tu.

Na mikono, umenawa? Umetoka shamba la viazi.
Hivi na viazi ni ndugu, na tumbaku ni shangazi yao.
Ndugu huambukizana.
Anyimike alivuta sigara nje, akaja kukata ncha,
meza nzima ikajikunja majani.

Sasa sikia la njano.
Ilikuwa Julai, nailoni inatoa jasho mpaka saa nne,
Loleza haionekani kwa ukungu.
Trei mia mbili zikapauka kwa juu.
Mwaifunga akasema ni njaa, ongezeni mbolea.
Tukaongeza. Zikazidi.

Usiku ule nililala na zahanati ya Igawilo:
nesi anamvuta mama kope la chini,
ndani peupe kama ganda la yai,
anasema, mama, damu huna.
Akampa vidonge vyekundu kwenye karatasi.

Asubuhi nikalivuta jani kama kope.
Jani changa, la nchani. Ya chini yalikuwa salama.
Mishipa kijani, nyama yake njano.
Nikatumbukiza kipimo kwenye maji yaliyochuruzika:
saba na nusu.
Kisima chetu kina chokaa, ndiyo maana birika zetu zina ukoko.
Chuma kilikuwamo, Atuganile. Kimejaa tele.
Mlango ndio uliofungwa, kwa ndani.

Tukatia tindikali kwenye tanki, tone kwa tone,
glavu mkononi, Mwaifunga amenuna,
mpaka kipimo kikashuka tano na nusu, kikatulia.
Tukawapa chuma kidogo, kile kinachoyeyuka.
Siku ya tisa, ncha moja ikarudi kijani.
Niliitazama peke yangu. Sikumwita mtu.

Trei arobaini hazikurudi.
Nilizibeba mwenyewe hadi shimoni.
Mama naye hakufika vidonge vya mwezi wa pili.

Haya, tuendelee.
Kata ncha hapa, juu ya jicho la tatu, utoke matawi.
Usiogope, linapokatwa ndipo linapanuka.
Likianza kuchanua lisogeze mbali na mwenzake,
hewa ipite, ukungu wa kijivu usipate pa kulala.

Ijumaa lori litashuka Kitonga usiku,
zambarau, njano, ile nyekundu yenye jicho jeusi,
kwenda kuning'inia kwenye baraza za hoteli za Dar.
Watayanywesha asubuhi na jioni kwa upendo.
Nami siwezi kushuka Kitonga na kila trei.

Saa tatu imefika. Kunja nailoni ya ubavu wa mashariki,
taratibu, upepo wa leo una meno.
Kisha njoo hapa.
Hiyo uliyoishika tangu nianze kusema,
sasa ina uzito gani?